Vidole vya Bi Mize

Fomu imebaki kisanduku kimoja:
"Mtumiaji atatambuliwa kwa njia gani?"
Nimekaa nacho tangu asubuhi, ofisini Wete,
feni inazunguka kwa uvivu,
vumbi la karafuu limeingia mpaka kwenye kibodi.

Asaa anasema, usijitese.
Kanzidata imo ndani ya nyumba, nyumba ina komeo,
aliyekwisha kuingia humu ni wetu,
mwache apite bila kuulizwa.
"Hapa sote jamaa," anasema, anamega boflo.
Kweli, sote jamaa.
Na jamaa ndio wajuao ufunguo unafichwa wapi.

Mwaka jana tulikuwa na jina moja, karani,
na nywila moja, mavuno1,
imeandikwa kwa chaki juu ya mizani ya Konde.
Watu wanne tulilivaa jina hilo
kama koti la mvua lililotundikwa msumarini:
atokaye ndiye avaaye.
Kisha magunia tisa ya Hamad Shaame
yakapanda mizani yakiwa yake
na kwenye mashine yakashukia kwa mtu wa Ole
asiye na hata mche mmoja.
Nani kaandika? Tukaiuliza mashine.
Karani.
Karani nani?
Karani.
Kama mtu apigaye hodi usiku wa manane,
ukamwuliza nani, akakujibu: mimi.

Kombo siku ile alikuwa Unguja, anamuuguza mamaake.
Tiketi ya boti anayo, mashahidi anao,
lakini mashine haikuweza kumtoa
maana haikuwahi kumjua.
Mpaka leo watu humpa mkono
huku wakimwangalia mifuko.

Hapo ndipo nilipofahamu:
nywila si kufuli ya mwizi tu.
Ni hati ya asiyeiba.

Basi kidole, wakasema wakubwa.
Kidole hakisahauliwi nyumbani, hakiazimwi.
Wakatuletea kijisanduku chenye taa,
tukakijaribu Konde, magharibi imekaribia.
Bi Mize Faki, mpimaji wetu, akaweka gumba.
Nyekundu.
Akalifuta kwenye kanga, akaliweka tena.
Nyekundu.
Cha shahada. Cha kati. Mkono wa pili.
Misimu thelathini na mitatu ya kuchambua,
karafuu huku, makonyo kule,
imeilamba mistari yote,
ncha zimebaki laini kama kigae.
Mashine inasema hatambuliki,
na nje mwanamke apitaye njiani
kasikia kikohozi tu, anaita:
"Bi Mize, umeshindaje?"

Hakucheka. Alinigeukia mimi.
"Mwanangu, vidole vyangu nishawapa karafuu.
Na nyie mwavitaka?"

Na lipo ambalo sikulisema kikaoni:
nywila ikivuja, nitaibadilisha kabla ya adhuhuri.
Alama ya kidole ikivuja,
nitampa mtu kidole kipi kingine?

Namba za kutumwa kwenye simu, nazo,
Micheweni hazifiki mpaka usimame
juu ya ukuta wa kisima cha skuli.

Nimeandika. Kisanduku kidogo, maneno yamemwagikia pembeni:
Kila mtu na jina lake.
Kila mtu na sentensi yake ya siri, ndefu,
asiyomwambia hata aliyelala naye.
Kadi pia, kwa wanaoshika fedha.
Anayehama, jina lizimwe siku hiyohiyo,
kabla ya chai ya kumuaga.
Asaa kasoma, kasema nina wasiwasi kama paka.
Akatia sahihi.

Bi Mize alikuwa wa kwanza.
Nilimpa mgongo, nikatazama dirishani.
Kidole kimoja, herufi moja, kituo,
herufi nyingine, akanong'ona kitu, akafuta, akaanza upya.
Sijui aliandika nini.
Kazi yangu ndiyo hiyo: nisijue.

Kioo kikawaka:
Karibu, Mize Faki.

Akajitengeza ushungi.
"Starehe," akakijibu.