Oktoba, Nyumba ya Mwisho

Kombaini ikishanguruma, simu yangu nayo inaanza.
Sihitaji kalenda. Delmar Brandsgaard akianza kukata soya
upande ule wa ua, kabla ya saa sita
Mtaa wa Kware wote unanitafuta
(kware wenyewe walihama zilipokuja tingatinga).

Naanzia nyumba ya mwisho, kwa dada yake, Arlys,
ambako dirisha la jikoni linatazama shamba
na shamba linatazama dirisha la jikoni.
Ananipa kahawa nyepesi kama maji ya kuoshea kikombe.
Nainywa. Ni mwaka wa tisa sasa.

Kazi yangu haina ushujaa. Napiga magoti,
nauzunguka msingi, tochi mdomoni,
natafuta tundu linalotosha penseli,
maana penseli inapopita, panya naye hupita,
mbavu zake zinakubali lolote.
Penye bomba la gesi nasokomeza pamba ya chuma.
Mlangoni mwa gereji nabadilisha mpira uliotafunwa.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa,
lakini hapa ukuta wenyewe ni plastiki na mbao laini,
unasikika ukiliwa.

Na waliosema panya wengi hawachimbi shimo
hawakuwahi kulala Iowa mwezi wa kumi.

Upande wa kusini, ukutani penye jua,
vidudu vyekundu vya madoa vimetanda kama surua.
"Tulipokuwa watoto tuliviita bahati," anasema Arlys,
amesimama juu ya kiti, miaka sabini na moja,
anaifyonza bahati kwa mashine ya vumbi,
mkono wangu ameukataa.

Chini, nyuma ya sanduku la mapambo ya Krismasi,
nakuta kiota.
Ukubwa wa ngumi. Karatasi iliyochambuliwa nyuzi nyuzi,
na ndani sita, wekundu, vipofu,
kila mmoja kama harage lililolowekwa.
Vipande vya pembeni bado vinasomeka:
*ekari arobaini*
*muuzaji na warithi wa*
na nusu ya saini, mkono wa mzee anayetetemeka.

Namwita. Anashuka pole pole, anainama,
anavaa miwani, anavua miwani.
"Nakala ya mauzo," anasema. "Naitafuta tangu Pasaka."
Kisha: "Mimi ndiye niliyemshikia baba kalamu.
Delmar alininunia miaka minne."
Anagonga sakafu kwa kisigino.
"Hapa ulipopiga goti palikuwa ghala la mahindi.
Panya walikuwepo. Tulichobadilisha ni paa."

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, husemwa,
ila hakuna aliyetuambia
jembe apewe nani kati ya hawa.
La Arlys limetundikwa gereji, limepakwa rangi ya samawati,
limefungwa utepe.

"Fanya kazi yako," anasema, anapanda ngazi.
Ngazi ya tano anasimama.
"Karatasi niachie."

Niliifanya kazi yangu. Sitaieleza.
Mitego kumi na miwili, ankara ya dola themanini na tano,
na mfuko wa plastiki wenye karatasi iliyosagika
niliouweka mezani, kando ya kikombe changu.

Jioni, nikigeuza pikapu,
nawaona kwenye kioo cha pembeni:
kombaini imezimwa, taa zake zinawaka,
vumbi la soya linaelea bila haraka,
Arlys yuko uani na chupa ya chai,
Delmar amefungua mfuko, ameingiza pua,
mabega yake yanatikisika.
Kwa umbali ule huwezi kujua
kicheko kinaishia wapi.

Simu inalia. Nyumba ya nne.
Mama mmoja amepanda juu ya meza,
anauliza niko mbali kiasi gani.