Kukabidhi Zamu

Riziki, kaa kwanza. Viatu vyako vimejaa tope, viache mlangoni.
Chai imo kwenye chupa, imepoa, lakini ina tangawizi.
Daftari nimelijaza. Ila daftari lina mistari,
na usiku wa Wete hauna.

Kitanda cha pili: Faki Shaame, wa Mtambwe.
Ameanguka mkarafuuni, tawi la tatu kutoka juu,
kaletwa na pakacha lake bado kiunoni.
Miguu haijui kama ni yake.
Nimemgeuza saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa, saa kumi na moja.
Ukimsahau utaona wekundu juu ya nyonga,
na wekundu huo ukiuachia siku chache
unakuwa shimo la kuingia ngumi.
Sasa kalalia ubavu wa kushoto. Saa moja ikigonga, mgeuze wewe.
Viganja vyake vinanukia karafuu hata baada ya sabuni.
Kaniuliza nani atamwanulia jamvi mvua ikija.
Hilo sikuliandika. Nakukabidhi hivi hivi, kwa mdomo.

Cha tano na cha sita, hapa fumbua macho:
wote wawili ni Hamad Kombo Hamad.
Mmoja ana sukari, mmoja ana pumu.
Saa mbili usiku, umeme umekatika, simu nimeibana kwa meno inimulikie,
insulini tayari kwenye bomba,
nikaita, "Hamad Kombo?"
Wakaitika wote: "Naam."
Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwa yule wa pumu.
Nusu shubiri, Riziki. Nusu shubiri, halafu ngozi.
Sijui nini kilichoniuliza nimuulize: "Shehia gani?"
Akasema, "Ukunjwi."
Kadi inasema Gando.

Nikarudi nyuma na bomba langu, magoti yakinicheza.
Nimeandika. Kwa wino, kwa jina langu,
ijapokuwa hakudhurika mtu wala hakuona mtu.
Matroni akiniulizia, mwambie niko nyumbani, sikukimbia.
Wa Gando nimemfunga bandeji mkono wa kulia, nikaandika juu yake.
Wewe uliza vilevile. Uliza hata kama umewazoea.

Mzee Asaa, cha nane, hataki kuoshwa na mwanamke.
Sikushindana naye. Nilivuta pazia, nikampa beseni na kitambaa,
nikageukia ukuta, nikawa namwelekeza:
"Sasa kwapani. Sasa baina ya vidole. Umeruka kisigino."
"Umekionaje?"
"Sikukiona, nakijua."
Akacheka mpaka kikohozi kikamtoa makohozi
tuliyokuwa tukiyatafuta tangu Jumatatu.
Haya yake nayo ni kiungo. Usikivunje ukitibu kingine.

Kitanda cha tisa.

Kitanda cha tisa hakina mtu.
Saa tisa na dakika ishirini.
Pumzi ilikuwa inakwenda inarudi, inakwenda inarudi,
kisha ikaenda.
Mwanawe alikuwa katoka kununua maji,
basi nilikuwa mimi tu, na mkono wake ndani ya wangu,
nikimsomea nilichokumbuka, na nilichosahau nikikirudia.
Daktari kaja, kathibitisha, kaenda.
Nikamfumba macho, nikamfunga kidevu,
nikamnyoosha goti alilokuwa kalikunja wiki nzima kwa maumivu.
Limenyooka bila ya tabu.
Mwanawe karudi na chupa mbili.
Moja kanipa mimi.
Nimeyanywa yale maji, Riziki. Sikujua nifanye nini jengine.

Shuka nimebadilisha, godoro nimelifuta kwa klorini.
Najua watu wako kwenye benchi tangu alfajiri,
yuko na mtoto wa kiume anatetemeka kwa homa, muanze huyo.
Lakini lipe godoro nusu saa.
Usimlaze mtu kwenye unyevu wa mwenzake.

Glavu zimebaki jozi kumi na moja.
Ufunguo wa kabati la dawa huu hapa.
Umeushika? Sema umeushika.

Haya.
Saa moja hiyo inagonga.
Njoo, shika upande ule wa shuka,
tumgeuze Faki.