Chumvi ya Lazima

Hapa Anjou wanasema Perrine kala chumvi nyingi.
Kula? Nimeinunua.
Ratili saba kwa kila kichwa, hata kichwa cha Mathurin
aliyezikwa kabla karani hajageuza ukurasa.
Ya chungu tu: nguruwe wangu akaoza pipani,
chumvi ya mfalme ikinitazama rafuni.

Kisha mvua ya mawe ikaifyeka ngano,
mkate ukala ujira wa mfumaji, ukamwachia nyuzi,
na njiwa wa bwana, ambao kuwagusa ni kesi,
wakaja kudonoa mbegu iliyobaki.

Vitabu vya haki sikuvisoma.
Niliona tu binti yangu Jacquine akiinua nyundo
juu ya mizani ya karani.

Usiku ule nilitia chumvi bila kupima.
Mchuzi haukulika.
Tukaumaliza.