Walikata Mapema

Filamu ni nyeusi na nyeupe, dakika ishirini na nane,
habari za utoto wa Mheshimiwa.
Kila mwaka huonyeshwa ukumbi wa ushirika, Tukuyu,
juu ya shuka la mama mkubwa Tupokigwe
lenye kiraka kona ya chini,
ndiyo maana katika kila tukio
kuna kitu kama bahasha
kinachoanguka na hakifiki chini.

Mjomba Anyosisye hukaa mstari wa nyuma,
kofia magotini.
Yeye ndiye Mheshimiwa.
Yaani alikuwa, kwa siku nne,
walipokuja watu wa kamera wakitafuta mtoto mwembamba
mwenye paji pana, anayejua kuswaga ng'ombe.

Siku tatu walisubiri mvua ipite
(nani aliwaambia mvua ya Rungwe hupita?),
wakala ndizi, wakafuta lenzi,
wakacheza karata chini ya turubai linalovuja.
Siku ya nne jua likachungulia upande wa Kiwira
kama mdaiwa anayetazama
iwapo mdai ameshaondoka mlangoni.

"Tembea." Akatembea.
"Tazama mbali, kama unaiona nchi."
Akatazama.
Aliona, anatuambia mpaka leo,
mbuzi wa mama yake ameingia
kwenye maharage ya mzee Mwakatumbula.
Ukumbi mzima hutulia hapo.
Msimulizi, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, husema:
*Tangu utotoni macho yake yaliona mbali.*

Sweta lile lilikuwa jekundu,
la kuazima, la mtoto wa karani wa kiwanda cha chai.
Kwenye shuka ni jeusi.
Migomba nayo myeusi, mto mweupe,
na goti alilochuna kwenye gogo la kuvukia
lina tope tu, hata ukisogea karibu.
Watoto huuliza kama zamani dunia ilikuwa hivyo kweli.
Mama mkubwa hukunja midomo.
"Rangi zilikuwapo," alisema mwaka mmoja.
"Wao ndio hawakuja na ndoo ya kuzichotea."

Halafu inakuja fimbo.
Mwalimu ni mwalimu kweli, marehemu Mwakagile.
Hakuambiwa kwamba ni mchezo,
au aliambiwa na hakuona tofauti.
Moja.
Mbili.
Ya tatu mtoto anainua uso,
uso mkavu kama ubao uliofutwa.
*Hakulia*, asema msimulizi,
na picha inarukia mlima, mawingu, bendera.
Afisa utamaduni husimama kupiga makofi.

Mwaka huu mjomba alinishika gizani
kwa mkono wenye sugu za miaka thelathini ya kuchuma chai.
"Walikata mapema," akaninong'oneza.
"Nililia mpaka ng'ombe wakageuka kunitazama.
Yule mshika kamera akakaa kwenye tope, na suruali yake ile,
akanipa nusu ya biskuti,
na yeye machozi yakamtoka.
Sijui alikuwa analilia nini. Labda mvua."

Sweta lilirudi kwa karani.
Yeye alilipwa kalamu.
Mheshimiwa hakuwahi kupita kwetu,
barabara ikiwa mbaya, na baadaye ikiwa nzuri.
Alipofariki, redio ikipiga matarumbeta tu,
mjomba hakwenda shambani siku mbili.
Watu walikuja kumpa pole.
Akazipokea.

Taa zikawaka. Mama mkubwa akapanda kwenye kiti
kuvua shuka lake kabla halijanyeshewa,
maana bati la ukumbi nalo lina habari zake.
Nje watoto wakamzunguka mjomba.
"Babu, kule mbali uliona nini?"

Akavaa kofia, akaishusha kidogo,
akatazama kule kule
kwenye giza na maji,
paji lile lile, sasa lina mifereji.

"Maharage," akasema.
"Yalikuwa yamebakiza wiki moja tu."