Jalada la Mbuzi

Mbuzi yangu haili nyasi.
Ina meno, ina kiti, ina kanyagio la cherehani kuukuu;
ukikanyaga, nazi inazunguka yenyewe
na vidole vyako vinabaki kumi.
Niliiunda uani kwangu, Majengo, mwezi wa Shaabani,
baada ya miaka ya kukuna nazi ishirini kila alfajiri
kwa mbaazi za makarani wa serikali.

Nikajaza fomu: "Mbuzi ya kanyagio."
Ofisi ya Hataza ikaipeleka Idara ya Mifugo.
Mifugo wakauliza kama amechanjwa.

Nikacheka. Kisha sikucheka tena.
Hataza walisema: lete barua ya Viwango.
Viwango: tupe kwanza nambari ya hataza.
Chumba cha saba na cha nane, ukuta mmoja;
Bwana Shekue akipiga chafya huku, Bi Mghoi kule husema "afya",
lakini barua kati yao hupanda treni hadi Nairobi,
hulala huko, hurudi na mihuri mitatu
na jina langu, Mwanatumu, limegeuzwa Mwanatamu.

Mwaka wa pili, Forodha wa Kilindini
wakafungua kontena: mbuzi mia nne,
kanyagio lile lile, hata kombo la mguu wa kushoto
nililolikosea mimi kwa nyundo yangu.
(Sampuli niliyoiacha kaunta haimo tena daftarini.)
Wakatoza ushuru. Wakagonga muhuri.
Nani angewaambia?

Basi Jumatano moja sikupanda ngazi.
Nikalitua sinia ukumbini, chini,
nikamtuma tarishi: leo mbaazi hazizunguki,
atakaye ashuke.
Wakashuka. Hataza, Viwango, Forodha, hata yule wa Mifugo,
tui likiwachuruzika vidoleni,
na kando ya mahamri nikapanga majalada manne,
kila moja na nambari yake,
yote mimi.

Kimya.
Bi Mghoi akamtazama Bwana Shekue:
"Kumbe jirani, nawe unaye huyu mbuzi?"

Wakafuta nambari tatu kwa kalamu ya wino.
Iliyobaki nimeiandika kwa chaki mlangoni pa jiko.
Hataza bado. Baada ya mwezi, wameniambia,
na mwezi najua kuuhesabu.
Sinia silipandishi tena.