Daftari la Ardis

Mali bila daftari huisha bila habari,
na siku nazo ni mali. Kwa hiyo naandika.
Kalamu hukaa kwenye kidroo cha gari
pamoja na peremende na miwani yake ya akiba.

Alhamisi. Nyuzi themanini na mbili. Upepo wa kusini.
Tumetoka saa tatu na robo, baada ya Verlyn
kurudi ndani mara mbili kuhakikisha jiko limezimwa.
Lilikuwa limezimwa. Leo hatukupika.

Mtu akituuliza tunakwenda wapi
tunasema mjini, kununua betri za kifaa cha sikio lake.
Kweli yenyewe, tunakwenda kuangalia mahindi ya watu.

Anaendesha polepole katikati ya barabara ya changarawe,
dirisha wazi, kiwiko nje,
kama mkaguzi ambaye serikali imesahau kumstaafisha.
"Ya Brekke yamekaa safi," anasema.
"Ya Tollefson yana njaa ya mbolea. Ona majani ya chini."
Naona. Miaka arobaini na sita naonyeshwa majani ya chini.
Gari likitujia, anainua kidole kimoja kwenye usukani.
Kimoja tu. Kwetu huku Iowa ya kaskazini
hiyo ndiyo salamu, ndiyo pole ya msiba,
ndiyo hongera ya mjukuu.

Kwa Dolores tumekula pai ya cheri.
Daktari kasema sukari ipungue,
basi tumegawana kipande kimoja, uma mbili;
kisha tukaagiza cha pili, nacho tukagawana.
Wazee wa meza ya dirishani wanabishana juu ya mvua ya juzi,
nusu inchi, au robo tatu?
Kila mmoja ana kipimo chake uani,
na kila kipimo kina dini yake.
Kuaga kumechukua dakika arobaini:
haya basi, mezani,
haya basi, mlangoni,
haya basi, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha gari.

Betri tumesahau.

Wakati wa kurudi, hakukata kushoto penye tangi la maji.
Sikumuuliza.
Barabara hii naijua kwa mgongo: shimo, daraja, shimo,
halafu pale palipokuwa na ghala letu jekundu.
Ghala halipo. Nyumba haipo.
Mahindi yamepandwa juu ya jiko langu,
mistari imenyooka, hainijui.
Mtufaha mmoja umebaki kando ya mtaro,
umeinamia upande ule ule wa zamani
ambako palikuwa na dirisha.

Verlyn amesimamisha gari, injini hajaizima.
Nami nimeanza kutafuta peremende mkobani, kwa makini sana,
mkoba ambao sijawahi kutia peremende.

Baadaye akasema, "Kayapanda karibu karibu."
"Karibu mno," nikasema.
"Ila yamekaa safi."
"Yamekaa safi."

Nyumbani, saa kumi. Ameingia na kofia yake kichwani
moja kwa moja kuangalia jiko.
Janelle kapiga simu kutoka Denver:
baba, mmefanya nini leo?
"Hakuna!" amejibu kwa kelele, kwa ajili ya zile betri.
"Tumetoka kidogo tu!"
Kisha akasikiliza, au akafanya kama anasikiliza,
huku kidole chake kimoja kikiinuka juu ya meza
na kushuka, kuinuka na kushuka,
kama kuna gari linapita.

Maili hamsini na moja.
Pai: mbili, cheri.
Mahindi ya Brekke: safi. Ya Tollefson: njaa.
Chini yake nimeandika, Yetu,
nikapafuta, karatasi ikachanika kidogo.
Kesho: betri.