Kofia ya Kumi na Moja

Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli,
baiskeli ya mlinzi, Mzee Chidosa,
iliyomshinda kuitengeneza akatupa baraka zake.
Tulizinoa kwenye ngazi ya tatu ya bweni.
Mikwaruzo ipo mpaka leo.

Jumatano, baada ya uji wa saa kumi,
wa midahalo walikwenda ukumbini kubishana
lipi bora, elimu au mali,
wa mazingira walibeba maji ya kunawia kwenda kwenye miche,
sisi wa kufuma tukakaa nyuma ya stoo ya mahindi
maana huko upepo wa Kongwa haufiki,
au ukifika, unafika umechoka.

Upepo wa Juni hauna adabu.
Unaingia bila hodi, unakalia kitanda chako,
unakuuliza blanketi la pili liko wapi.

Mwalimu Perusi alisema:
wodini kuna watoto waliozaliwa kabla ya siku zao,
vichwa vyao havizidi chungwa,
na joto la mtoto hutorokea kichwani.
Basi, kofia.

Uzi hatukuwa nao. Tulifumua.
Nyemo alifumua sweta iliyoonjwa na panya,
mimi shali ya bibi yangu wa Mlali;
nikamwandikia barua ya kuomba radhi
ambayo bado imo ndani ya daftari la Jiografia.

Sifichi, nafuma vibaya.
Nafuma kama mtu anayeanua nguo mvua ikija.
Aliyenifundisha alilala kitanda cha juu yangu,
Foibe Mulewa, Kidato cha Tatu.
"Usiukabe uzi," alikuwa akisema,
"haujakukosea kitu."

Mwezi wa pili tulipangwa mstari mbele ya zahanati,
kila mmoja na kikopo chake.
Jioni ile sanduku lake halikuwepo.
Katika rejista ya klabu jina lake lilikatwa kwa rula,
wino mwekundu,
mstari ulionyooka kuliko mshono wowote wetu.
Kitanda kikapewa mwingine
godoro halijapoa.
Na sisi tuliendelea kuhesabu vitanzi, kwa sauti,
ili asiulize mtu.

Jumamosi tulikwenda hospitali kwa mistari miwili,
kofia kumi na moja juu ya sinia,
kitambaa kilichopigwa pasi kimezifunika.
Matroni alitukaririsha njiani:
Mama, pokea kidogo hiki kutoka kwa wanafunzi.
Kofia yangu niliilaza chini kabisa,
nikiomba impate mtu nisiyemjua.

Kitanda cha sita, dirishani.
"Mbukwa," akasema Foibe,
kama vile nimechelewa kutoka prepo tu.
Kifuani pake, ndani ya kitenge,
kitu kidogo kinachopumua kwa haraka.

Maneno ya matroni yakanikimbia.
Nikanyoosha mkono, kofia ikining'inia.

Hakumvika mtoto.
Aliigeuza ndani nje, akaiinua kwenye mwanga,
akapitisha kidole, polepole, kama anayetafuta mwiba.
"Hapa umeruka."
"Najua."
"Ukajua, ukaendelea?"

Akaniomba kalamu.
Kwa kile kilimi cha kifuniko
alikishika kitanzi kilichoanguka,
akakipandisha safu moja, safu nyingine,
safu saba nilizozifuma juu ya kosa langu
huku nikitazama pembeni.
Hakuna aliyesema kitu. Mtoto alipiga chafya,
chafya ndogo isiyotimia.

"Bado mnakaa nyuma ya stoo?"
"Bado."
"Upepo?"
"Haufiki sana."

Ndipo alipomvika.
Ilimfunika mpaka kwenye nyusi,
tukacheka, kisha matroni akapiga makofi:
wasichana, mistari.

Kwenye ripoti Nyemo aliandika:
zilizotolewa, kofia kumi na moja.

Mimi nilirudi na kalamu isiyo na kifuniko.
Wino ulivuja, ukashika mfuko wa shati,
doa la bluu, upande wa moyo.
Matroni aliniuliza kifuniko kiko wapi.
Nikasema kimebaki kazini.